Kwa Nini Dawa za Kifua Kikuu Humezwa Miezi Sita

Hapa Kapsokwony wagonjwa wengi huuliza, "Sista, kikohozi kimeisha, mbona bado ninameza dawa?" Jibu limo katika historia.

Mwaka wa 1882, Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na vijidudu. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuviua, ilipatikana mwaka wa 1943. Waliotibiwa kwa dawa hiyo peke yake walipata nafuu upesi, lakini wengi waliugua tena kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Ndipo madaktari wakaanza kuchanganya dawa.

Zamani, matibabu Afrika Mashariki yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wengi waliachia njiani. Miaka ya 1970, utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ulionyesha kwamba dawa iitwayo rifampisini ikiongezwa, miezi sita inaweza kutosha. Dawa hiyo ilikuwa ghali, ikachukua miaka mingi kufikia wagonjwa wote. Kwa hivyo miezi sita si adhabu, ni muda uliopunguzwa.

Mwaka wa 1993, Kenya ilianza mpango wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu. Ilikuwa imeonekana kwamba mgonjwa akiachwa peke yake huchoka.

Ni nini humchosha? Nauli na matope kutoka Kopsiro au Kaptama. Njaa, maana dawa huamsha hamu ya chakula. Pombe. Aibu, kwa kuwa majirani husema ni ukimwi. Tena mkojo hugeuka mwekundu, akaogopa. Hiyo ni rangi ya dawa tu. Lakini macho yakiwa ya manjano, njoo hospitalini siku hiyo hiyo.

Hatujasahau pia vita vya ardhi vya 2006 hadi 2008, maelfu walipohama mlimani. Ukilazimika kuhama, beba kadi yako. Kituo cha serikali utakakofika kitakuendeleza, na dawa ni za bure.

Ndugu msikilizaji, ukiacha mapema, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na hivyo ndivyo unavyoweza kumwambukiza mtoto unayelala naye chumba kimoja. Mama, baba, shemeji, jirani: mkumbushe mgonjwa kila siku, naye amalize.