Visikizi vya masikioni: Jua vimeoana na simu ya nani



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu hapa Tudor nikingoja simu ya ndugu yangu. Yeye ndiye aliyempeleka Mama kuchukua majibu ya vipimo. Simu ikalia, nikapokea, nikasema hallo mara tatu. Kimya. Nikadhani ni mtandao, nikakata na kumpigia tena. Akapokea, kimya vile vile.

Mara mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Binti yangu, anayesoma mwaka wa kwanza hapo Chuo Kikuu cha Kiufundi, alisimama kizingitini, visikizi viko masikioni na macho yamejaa machozi. "Baba," akaniuliza, "figo za Nyanya zimefanya nini?"

Ndugu yangu alikuwa amezungumza muda wote ule. Maneno yake hayakuja kwangu, yalikwenda moja kwa moja masikioni mwa mtoto aliyekuwa akisikiliza somo kwenye laptopu yake. Siku tatu kabla nilikuwa nimeviazima visikizi vyake nisikilize darsa njiani kuelekea feri ya Likoni. Nilivirudisha, lakini simu yangu na visikizi havikusahauliana.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi, nimejaribu kwa mkono wangu, na nimeona niandike niliyojifunza. Vitu hivi vimeingia karibu kila nyumba, na mara nyingi nyumba nzima hutumia kimoja.

Vinavyofanya kazi

Visikizi visivyo na waya, ambavyo wengi wetu huviita AirPods hata vikiwa vya kampuni nyengine, huzungumza na simu kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth. Utafiti wake ulianza katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi. Mwaka 1998 kampuni za Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba zikaungana kuusimamia, ili kifaa cha huyu kielewane na cha yule. Jina lenyewe ni la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifika kwa kuwaunganisha watu wake.

Mara ya kwanza unapounganisha visikizi na simu, viwili hivyo hubadilishana ufunguo wa siri na kila kimoja huuweka. Hiyo ndiyo kuoanisha. Kuanzia hapo, ukifungua kasha la kuchajia, visikizi hutafuta vifaa vinavyovijua na kujiunga bila kukuuliza. Vingi hukumbuka vifaa kadhaa, vyengine hadi vinane. Mawimbi yake hufika kama mita kumi, na ukuta mmoja wa tofali hauyazuii. Katika nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofika haraka, lakini katika fleti zetu za Tudor hupenya chumba hadi chumba.

Jambo la kushika ni hili: visikizi havijui vimevaliwa na nani. Vinajua vifaa tu. Simu yangu iliviona vile vya binti yangu, ikavitambua, ikavipelekea sauti. Kwa hesabu yake haikukosea.

Vifaa viwili kwa pamoja

Visikizi vya zamani au vya bei nafuu hujiunga na kifaa kimoja kwa wakati. Ukitaka kuhama kutoka simu kwenda laptopu, lazima ukate huku ndipo uunge kule. Vyengine vya siku hizi vinaweza kushika vifaa viwili kwa pamoja, kwa mfano simu na laptopu. Katika aina nyingi huduma hii huwashwa kupitia programu ya kampuni iliyoviunda, kwa hivyo usishangae ikiwa hujaiona.

Kuongeza kifaa cha pili si kazi ngumu:

1. Weka visikizi katika hali ya kuoanisha. Kwa kawaida unabonyeza kitufe cha kasha kwa sekunde chache, au unagusa visikizi vyenyewe kwa muda, mpaka taa imetemete.

2. Kwenye simu ya Android yenye lugha ya Kiswahili, ingia Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa, halafu Oanisha kifaa kipya. Kwenye iPhone na laptopu, fungua ukurasa wa Bluetooth ndani ya mipangilio.

3. Chagua jina la visikizi vyako. Kisha rudia hatua hizo kwa kifaa cha pili.

4. Zima visikizi kwa kuvirudisha kashani, vitoe tena, uhakikishe vimeviona vifaa vyote viwili.

Kushika vifaa viwili si kusikia viwili. Mwenye wake wawili anaelewa neno zamu. Kama laptopu inacheza somo na unataka kusikia kitu kwenye simu, simamisha laptopu kwanza, kisha cheza kwenye simu. Usiposimamisha, utabonyeza simu na usisikie kitu. Simu ya kupigiwa ndiyo yenye haki ya mwanzo: ikiingia, muziki au somo hukatwa na mazungumzo huchukua nafasi. Ndivyo somo la binti yangu lilivyokatika akasikia sauti ya ami yake.

AirPods za Apple zina njia yake. Huhama zenyewe kati ya iPhone, iPad na Mac zilizo kwenye akaunti moja. Ukiziunganisha na Android hufanya kazi kama visikizi vya kawaida, kifaa kimoja kwa wakati. Kama iPhone yako inazivuta wakati huzitaki, ingia ukurasa wa Bluetooth, gusa alama ya herufi i iliyo kando ya jina lake, tafuta sehemu ya kuunganisha na iPhone hii, na uchague ziungane tu ikiwa mara ya mwisho zilikuwa na simu hiyo.

Familia moja, visikizi kimoja

Hapa ndipo penye shida kwetu. Kijana anavitumia kwa masomo, mama anavitumia kwa simu ya dada yake aliye Muscat, baba anaviazima kwa safari. Kila aliyeviazima ameacha simu yake katika kumbukumbu. Haya ndiyo nimeyaweka nyumbani kwangu:

Mwenye visikizi awe mmoja. Wengine wakiazima, wakirudisha wafungue ukurasa wa Bluetooth kwenye simu zao, wachague jina la visikizi, waguse Sahau. Ni sekunde kumi. Kukata tu hakutoshi, maana kilichokatwa huweza kurudi chenyewe.

Ukitaka kubaki umeunganishwa kwa sababu unaviazima kila siku, simu nyingi za Android hukuruhusu kuzima sehemu moja. Fungua maelezo ya visikizi hivyo, utaona swichi ya mazungumzo ya simu na swichi ya sauti za muziki na video. Zima ya mazungumzo. Darsa utasikiliza, lakini simu zako hazitakwenda sikioni mwa mwengine.

Ukipokea simu na usisikie kitu, usiendelee kusema hallo kama nilivyofanya mimi. Tazama skrini. Pana kitufe cha sauti kinachoonyesha inakwenda wapi: simu yenyewe, spika au Bluetooth. Ikiandikwa jina la visikizi ambavyo huna sikioni, gusa urudishe kwenye simu papo hapo.

Vipe visikizi jina. Visikizi vingi vya bei nafuu hutoka dukani na jina moja, na katika jengo moja unaweza kukuta vitatu vinavyofanana. Tena baadhi yavyo visipoikuta simu vinayoijua huingia vyenyewe katika hali ya kuoanisha, na jirani wa ghorofa ya juu anaweza kuviunga bila kukusudia. Jina lako likionekana, atajua si vyake.

Msikitini nako tuwe waangalifu. Kuvitoa visikizi masikioni na kuvirudisha kashani hakunyamazishi simu. Simu ikiingia italia kwa spika yake katikati ya rakaa. Nyamazisha simu yenyewe.

Sauti mbaya kwenye laptopu

Wanafunzi na wanaofanya kazi za mtandaoni hulalamika kuwa visikizi vinatoa sauti safi ya muziki, lakini wakiingia mkutanoni sauti inakuwa kama ya redio ya zamani. Mara nyingi visikizi havijaharibika. Bluetooth ina njia mbili: moja ya kusikiliza tu, yenye sauti nzito na safi, na nyengine ya kuzungumza, ambapo maikrofoni pia inafanya kazi na nafasi hugawanywa. Laptopu ikiwasha maikrofoni ya visikizi, huhamia njia ya pili. Dawa yake ni kuingia mipangilio ya sauti, kuchagua maikrofoni ya laptopu yenyewe, na kuviacha visikizi vifanye kazi ya kusikiliza peke yake.

Sauti ikikatika-katika, kumbuka Bluetooth hutumia masafa ya gigahazi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi nyingi na jiko la maikrowevu. Sogea mbali na kifaa cha Wi-Fi, na toa simu mfuko wa nyuma uiweke mbele, kwa sababu mwili wako wenyewe huzuia mawimbi.

Kuuza, kununua, kupeana

Vijana wengi huuziana visikizi vilivyotumika. Muuzaji akigusa Sahau kwenye simu yake, amefuta upande mmoja tu. Upande wa visikizi bado unakumbuka. Lazima virudishwe vilivyotoka kiwandani. Kwa AirPods nyingi zenye kitufe kwenye kasha, unaliacha wazi na kukishika kitufe kama sekunde 15 mpaka taa igeuke rangi ya chungwa kisha nyeupe. Kwa aina nyengine fuata karatasi yake. AirPods pia zina kifungo cha zaidi: muuzaji aziondoe kwenye akaunti yake ya Apple, la sivyo zitaendelea kuhesabika ni zake. Usitoe pesa kabla hayo hayajafanywa mbele yako. Na wewe unayempa mdogo wako vya zamani, fanya hivyo hivyo kabla ya kumkabidhi.

Mwisho

Usiku ule niliketi na binti yangu nikamweleza yote, ila nilikuwa nimechelewa. Habari ya ugonjwa ina adabu yake. Mtu huambiwa akiwa ameketi, na wa kumshika mkono yuko karibu. Yeye aliipata peke yake chumbani, katikati ya somo, kwa sauti ya ami yake aliyedhani anaongea na mimi.

Mama ameanza kusafishwa damu, na alhamdulillahi anaendelea. Binti yangu ndiye anayemsindikiza siku asizokuwa na masomo. Visikizi ni vyake, na katika orodha yake sasa mna vifaa viwili tu: simu yake na laptopu yake.

Leo jioni fungua simu yako, uingie ukurasa wa Bluetooth, usome majina yaliyomo. Ukiona jina la kitu usichokimiliki, au ulichokirudisha zamani, kisahau. Mazungumzo ya watu ni amana.