Washington: Jina la Kiingereza lililobebwa na Weusi wa Marekani

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuta watu 163,036 wanaotumia Washington kama jina la ukoo. Kati yao, 146,520 walikuwa Wamarekani weusi. Ni watu tisa katika kila kumi. Hakuna jina jingine la ukoo linalotumika sana nchini humo lenye uwiano kama huo. Jefferson, jina la rais wa tatu, lilishika nafasi ya pili, na lenyewe liliishia asilimia 75. Sensa ya 2010 ilihesabu akina Washington 177,386, na bado asilimia 87 na ushei kati yao walikuwa weusi.

Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa Washington ni jina la Kiingereza damudamu. Lilizaliwa katika kijiji cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, likabebwa na mabwana shamba na wafanyabiashara wa sufu, kisha likavuka bahari na familia moja iliyokuja kumiliki mamia ya watumwa. Limewafikiaje wajukuu wa watumwa hao? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mabwana waliwapachika. Ukifuatilia kumbukumbu, jibu hilo halisimami vizuri.

Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Kabla ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066, mtu aliitwa jina lake moja na basi. Majina ya kurithi yaliingia taratibu katika karne zilizofuata, kwanza kwa wenye ardhi, baadaye kwa raia wa kawaida. Mengine yalitokana na kazi ya mtu, mengine na jina la baba, mengine na utani au umbo lake, na mengine na mahali alipotoka. Aina hii ya mwisho wasomaji wa pwani wanaijua vizuri, maana masheikh wetu waliitwa hivyo hivyo: Sheikh Uweis aliyetoka Barawa alijulikana kama al-Barawi.

Washington limo katika kundi hilo la mahali. Kijiji chenyewe kilikuwa katika eneo la Durham, na kwa Kiingereza cha kale maana yake ni makazi ya watu wa Hwæsa, mtu ambaye hakuacha kingine nyuma yake isipokuwa jina hilo. Mwaka 1183 Askofu wa Durham, Hugh du Puiset, aliamuru mali zake zote zihesabiwe na kuandikwa. Daftari hilo, lijulikanalo kwa jina la Boldon, linamtaja William de Hertburn, ambaye alikuwa amekiachia kijiji cha Hertburn na kupewa Wessyngton mahali pake. Kodi yake ilikuwa pauni 4, na juu ya hayo alitakiwa kujitokeza na mbwa 4 wa mbio kila askofu alipotoka kwenye uwindaji mkubwa.

Alipohamia huko, William aliliacha jina la Hertburn na kuanza kuitwa William de Wessyngton. Naomba msomaji alikumbuke hili, kwa sababu huwa linapitwa juu juu: mtu wa kwanza wa ukoo huu hakuzaliwa na jina hilo. Alilitwaa pamoja na ardhi.

Uzao wake ulitawanyika. Tawi moja lilikwenda Lancashire, na huko ndiko alikotoka Lawrence Washington aliyehamia Northampton, akatajirika katika biashara ya sufu na kuwa meya wa mji huo mara mbili. Wakati huo Mfalme Henry VIII alikuwa anafunga nyumba za watawa na kuziuza mali zao. Mwaka 1539 Lawrence alinunua shamba la Sulgrave, lililokuwa la watawa wa Northampton, akajenga nyumba ambayo ipo hadi leo. Juu ya mlango imechongwa nembo ya ukoo, nyota tatu na mistari miwili ya kulala. Nembo hiyohiyo, kwa rangi nyekundu juu ya nyeupe, ndiyo bendera ya jiji la Washington, D.C., tangu 1938.

Mtu aliyelivusha jina hadi Marekani alifukuzwa na aibu ya baba yake. Baba huyo, naye Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh, Essex. Mwaka 1643, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, upande wa Bunge ulimvua kazi kwa tuhuma kwamba anashinda vilabuni akilewa. Huenda kosa lake kubwa lilikuwa kumpenda mfalme, lakini familia ilifukarika vilevile. Mwanawe John akaingia katika biashara ya tumbaku, na mwanzoni mwa 1657 meli aliyokuwa akifanyia kazi, Sea Horse ya London, ilipata ajali katika Mto Potomac. John aliamua kubaki Virginia. Alimwoa Anne, binti wa tajiri Nathaniel Pope, na mkwe akawapa ekari 700. Huyo ndiye babu mzaa babu wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani.

Mashamba ya tumbaku ya Virginia yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Baba yake George alipofariki mwaka 1743, kijana huyo wa miaka 11 alirithi watu 10. Alipofariki yeye mwenyewe, Desemba 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake mwenyewe. Wengi wa waliobaki walikuwa mali ya urithi ya ukoo wa mume wa kwanza wa mkewe, Martha, na wachache walikuwa wa kukodi. Kwa wasia aliagiza wale 123 waachwe huru mkewe atakapokufa. Martha hakusubiri hadi hapo; aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Wale wa urithi walibaki utumwani na kugawiwa wajukuu zake.

Hapa ndipo wengi wanapodhani kwamba walioachiwa huru waliondoka na jina la bwana wao, wakazaa, na ndio chanzo cha maelfu ya leo. Hesabu inakataa. Watu 123 ni wachache mno, na si wote waliojiita Washington. Mfano mzuri ni William Lee, mtumishi aliyepanda farasi pamoja na George na kumfuata miaka yote ya vita vya uhuru wa Marekani. Alinunuliwa mwaka 1768 kutoka kwa mjane wa Kanali John Lee, na jina la Lee hakuliacha, pamoja na kuishi nyumbani kwa Washington kwa zaidi ya miaka 30. Katika wasia ni yeye peke yake aliyepewa uhuru papo hapo, pamoja na dola 30 kila mwaka. Na wasia unamtaja kwa jina lake la Lee.

Yuko mmoja wa Mount Vernon aliyelichukua jina, na kisa chake kinafaa kujulikana zaidi Afrika. Harry alizaliwa katika nchi ya Gambia karibu na mwaka 1740, akauzwa Marekani, na Washington akamnunua miaka ya 1760. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa. Vita vya uhuru vilipoanza na gavana wa Kiingereza kuahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, Harry alitoroka tena, na safari hii hakurudishwa. Bwana wake akipigana dhidi ya Waingereza, yeye alikuwa upande wao.

Mwaka 1783 Waingereza walipokuwa wanaondoka New York, makarani wao waliwaorodhesha weusi waliopanda meli. Harry Washington yumo, umri wake miaka 43, na imeandikwa kwamba zamani alikuwa mali ya Jenerali Washington. Alipelekwa Nova Scotia, Kanada, kwenye baridi na ardhi ya mawe. Mwaka 1792 akavuka bahari kurudi Afrika, akawa mmoja wa waanzilishi wa Freetown, Sierra Leone. Huko nako kampuni iliyotawala koloni ilitaka kuwatoza walowezi kodi ya ardhi. Mwaka 1800 baadhi yao waliasi, Harry akiwamo, wakashindwa, naye akahamishwa kwa nguvu hadi ng'ambo, pwani ya Bullom. Kwa hiyo ulimwengu ulikuwa na Washington wawili walioasi kwa sababu ya kodi. Mmoja yuko kwenye noti ya dola.

Lakini hata Harry hakuacha kizazi kilichojaza sensa ya Marekani. Kuenea kwenyewe kunaanza baada ya 1865, vita vya ndani vilipokwisha na watu karibu milioni nne wakatoka utumwani. Aliyekuwa mtumwa alihitaji jina la pili ili aoe kwa cheti, asaini mkataba wa kazi, apokee mshahara wa jeshi, aandikishe mtoto shule. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu hao wote kwa majina nchi nzima. Kabla yake, watumwa waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki. Wengi tayari walikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia wao kwa wao, kama William Lee, bila mabwana kuyatambua. Wengine walichagua pale pale, mbele ya karani.

Tunajua hata namna mmoja alivyochagua, kwa sababu alikuja kuieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1901, *Up from Slavery*. Alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, na baada ya uhuru mama yake alimhamishia Malden, West Virginia. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita majina, na mtoto akagundua kwamba wenzake wana majina mawili, wengine matatu. Yeye alikuwa Booker tu. Zamu yake ikazidi kusogea, naye akiwa katika mashaka. Mwalimu alipomfikia, akasema kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington, kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote. Baadaye akaja kujua kwamba alipozaliwa mama yake alimpa pia jina la Taliaferro. Akalirudisha katikati, na dunia ikamjua kama Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee, Alabama, mwaka 1881.

Watu wakisimulia kisa hiki husema alimwiga rais wa kwanza. Wanasahau kwamba baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa maoni yangu hapa ndipo kitendawili kinapofunguka. Katika Marekani ya karne ya 19, Washington lilikuwa limekwisha kuwa jina la kwanza la wanaume wengi, weupe kwa weusi, kwa heshima ya jenerali. Mtumwa aliyeitwa Washington huenda hakuwa na jina la pili, lakini watoto wake walikuwa na baba. Uhuru ulipokuja, jina la baba lilikuwa la kuchukuliwa, kama Ali mwana wa Juma anavyokuwa Ali Juma bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiongeza juu yake sifa ya mtu aliyeongoza vita vya uhuru, na habari kwamba katika wasia aliwaachia watumwa wake, jina linakuwa na mvuto wa pande mbili.

Linganisha na Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wenyewe. Mtu angetarajia jina lake livume kuliko yote. Sensa ya 2000 ilikuta akina Lincoln 16,070 tu, na weusi walikuwa asilimia 14. Lincoln alikuja akiwa amechelewa: watu wengi walikuwa tayari na majina yao. Na hili linanishawishi zaidi kwamba majina hayo hayakugawiwa na mtu mwaka 1865. Yalikuwa yakiishi vibandani miaka mingi kabla.

George mwenyewe hakuzaa mtoto. Weupe wenye jina hilo ni wa matawi ya ndugu zake na ya familia nyingine, nao hawakuwa wengi tangu mwanzo. Ndiyo maana leo, mtu akitaja Washington bila kuongeza neno, baada ya mji na rais watakaofuata ni mwigizaji Denzel, au Harold aliyekuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago mwaka 1983, au mwimbaji Dinah, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ruth Jones. Washington lilikuwa jina lake la jukwaani. Kijiji cha Durham sasa ni mji wa kawaida, na Rais Jimmy Carter alikwenda kuutembelea mwaka 1977.

Afrika Mashariki nayo ina akina Washington wake, wengi wao Kenya na hasa magharibi, ila kwetu limebaki jina la kwanza, la ubatizo. Mashuhuri kuliko wote ni Profesa Washington Aggrey Jalang'o Okumu, aliyezaliwa 1936, mpatanishi aliyesaidia kukiingiza chama cha Inkatha katika uchaguzi wa Afrika Kusini mwaka 1994. Majina yake mawili ya kwanza yanatazamana. James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, alizuru nchi zetu mwaka 1924 na tume ya Phelps-Stokes, iliyohimiza elimu ya mfano wa Tuskegee; mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Jina la Aggrey likaenea, na Kariakoo, Dar es Salaam, lina mtaa wake. Kwa hiyo mzee wa miaka ile aliyemwita mwanawe Washington huenda alikuwa na Booker akilini kuliko George. Kama babu yako au baba yako ana jina hilo na waliompa bado wako hai, waulize walimkusudia nani, uandike jibu lao.