Kamuzu, vyeti vya Meharry na swali la shangazi

Nilikuwa Mbebe, wilayani Ileje, kumsalimia shangazi, na nimerudi na swali lililonikosesha usingizi.

Shangazi ana kijana wake amemaliza udaktari China. Sasa yuko njia panda: arudi nyumbani, au atafute nchi nyingine ya kufanyia kazi. Ukoo mzima umeshagawanyika, kuna chama cha "arudi" na chama cha "asirudi atume hela". Shangazi hayumo katika chama chochote. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa magazeti. Daktari akisoma nje, nani anamwambia akatibie wapi?"

Nikamjibu haraka haraka, "Anachagua mwenyewe, shangazi."

Usiku nikajiona nimesema uongo. Maana wilaya ya Ileje imepakana na Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na Malawi ilitawaliwa miaka 30 na daktari aliyesoma nje, ambaye jibu langu lingemchekesha. Namzungumzia Hastings Kamuzu Banda. Watanzania wengi tunamkumbuka kwa ubabe wake na kwa ule ugomvi na Mwalimu juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa mwaka 1967. Leo tuweke siasa pembeni tumwangalie kama kijana mwenye vyeti anayetafuta kazi.

Kisa kinaanzia Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyoko juu ya milima inayotazama ziwa, kusini ya Karonga. Kijana Banda alikwenda kufanya mtihani wao, na kwa kuwa alikuwa mfupi akasimama ili aone ubaoni. Msimamizi akaona anaibia, akamtoa. Mtihani ukaisha hapo. Akaondoka kwa miguu hadi Rhodesia ya Kusini, akafagia hospitali mji wa Hartley, akaenda migodi ya Afrika Kusini, na mwaka 1925 akapata msaada wa kanisa kwenda Marekani. Huko akasoma kama mwenye njaa: sekondari Ohio, historia katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha udaktari katika chuo cha Meharry, Nashville, akahitimu 1937.

Mtu angedhani safari imekwisha. Wapi! Cheti cha Marekani hakikutosha kutibu katika makoloni ya Mwingereza. Ikabidi aende Scotland kusomea upya vyeti vya Uingereza, akavipata Edinburgh mwaka 1941. Na hakuwa mwasi, jamani. Alikuwa mzee wa kanisa katika Kanisa la Scotland, kanisa lile lile lenye misheni ya Livingstonia. Alichotaka ni kurudi kutibu watu wake.

Jibu lililotoka Livingstonia ndilo linaloniuma kila nikilisoma. Wauguzi wa Kizungu wa pale waliandika kwamba hawako tayari kufanya kazi chini ya daktari Mwafrika. Serikali ya kikoloni nayo inaelezwa kuwa ilikuwa radhi kumchukua, ila kwa sharti asichangamane na madaktari wenzake Wazungu. Akakataa.

Basi akabaki Uingereza. Alitibu Liverpool, kisha North Shields, na kuanzia 1945 akafungua zahanati Harlesden, London. Wagonjwa wake wengi walikuwa Wazungu, na sijasikia kwamba waligoma kuguswa na mkono wake. Yaani mama wa Kiingereza alimpelekea mtoto wake bila taabu, lakini muuguzi wa Livingstonia hakuweza kupokea maagizo yake.

Halafu tujiulize, na Mzungu aliyetaka kuja huku alikutana na nini? Daktari Leader Stirling alitoka Uingereza mwaka 1935 na misheni ya UMCA akaja kutibu upande wa Masasi. Sisemi alipata mteremko, maana alifanya upasuaji katika mazingira magumu kweli kweli, akawa raia wetu, na mwaka 1975 Mwalimu akamteua kuwa Waziri wa Afya. Namheshimu. Lakini kwa rangi yake, swali la nani angekubali kufanya kazi chini yake halikuwapo.

Na Banda hakuwa wa kwanza kufungiwa mlango. Daktari Daniel Malekebu wa Chiradzulu alihitimu Meharry hiyo hiyo mwaka 1917, miaka 20 kabla yake. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1920 alizuiwa kuingia, kwa sababu serikali ilikuwa bado inaogopa kivuli cha uasi wa John Chilembwe wa 1915. Akaenda Liberia, akaruhusiwa kurudi kwao 1926.

Banda alihamia Kumasi, Ghana ya leo, mwaka 1953, akatibu huko hadi 1958. Tarehe 6 Julai mwaka huo akatua nyumbani, baada ya zaidi ya miaka 40. Ila sasa alirudi kuongoza chama. Daktari aliyetaka kwenda Livingstonia 1941 hakurudi kamwe.

Halafu kuna jambo ambalo simsamehei. Sisi tulipata uhuru 1961 tukiwa na madaktari Waafrika 12, kama Mwalimu alivyozoea kutukumbusha, na 1963 Dar es Salaam ikawa na shule ya udaktari. Malawi ya Daktari Banda, iliyojitawala 1964, ilifungua chuo chake cha udaktari mwaka 1991! Miaka 27 vijana wao wakipelekwa kusomea nje, na wengi wakibaki huko huko. Ulivuma hata usemi kwamba madaktari wa Kimalawi walioko Manchester ni wengi kuliko walioko Malawi.

Tusiwacheke. Mwaka 2017 tulitangaza kuwapeleka madaktari 500 Kenya, na mpango ulipokwama mahakamani huko, Rais Magufuli akaagiza 258 walioomba nafasi hizo waajiriwe hapa hapa. Kumbe walikuwepo, wamekaa.

Nilimpigia shangazi nikamweleza haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyu wangu, huku nako kuna wauguzi wa kumkataa?" Nikamwambia hapana shangazi, kuna mitihani ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kuna mwaka wa utarajali, halafu kuna kusubiri ajira. Uingereza nako kuna mtihani wao, wanauita PLAB.

Binamu mwenyewe nikamtumia kisa cha Banda kwa simu, kirefu kama mlivyokisoma. Alijibu kesho yake kwa mstari mmoja: "Kaka, ada ya mtihani wa Baraza ni shilingi ngapi?"