Mwasho wa Kudumu Unaotokana na Neva na Nafsi

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha Ayubu akiwa ameketi majivuni, akijikuna kwa kigae (Ayu 2:8). Hakuna aliyemwuliza sababu, kwa maana majipu yalionekana. Makala hii inawahusu wale wanaojikuna kama Ayubu, lakini ngozi yao haina jipu wala kipele cha kuonyesha, isipokuwa alama za kucha zao wenyewe. Katika parokia zetu watu hao wapo. Mara nyingi huambiwa ama kwamba wamerogwa, ama kwamba wanajisingizia. Kauli zote mbili ni potofu, na zote mbili huwachelewesha kupata tiba.

Mnamo mwaka 1660 daktari Mjerumani Samuel Hafenreffer aliueleza mwasho kuwa ni hisia isiyopendeza inayoamsha hamu ya kujikuna, na maelezo hayo yanatumika hadi leo. Mwasho huitwa wa kudumu unapofikisha wiki 6 au zaidi. Hisia hiyo huanzia katika ncha za neva nyembamba mno zilizo chini ya ngozi, hupita katika uti wa mgongo, kisha hupanda hadi ubongoni, mahali ambapo mwili, kumbukumbu na hisia za moyo hukutana. Hitilafu yaweza kutokea popote katika njia hiyo. Kumbe, mtu aweza kuwashwa na ngozi iliyo nzima kabisa, kama vile kengele ya mlango inavyoweza kulia kwa sababu ya waya uliochubuka, wala hapana mtu aliyebisha hodi.

Wengi wetu tunajua kwamba kuna dawa za mzio zinazotuliza mwasho. Dawa hizo huzuia kemikali iitwayo histamini, ambayo mwili huitoa kwa mfano mtu anapoumwa na mbu. Lakini histamini si njia pekee. Upupu unaoota vichakani mwetu humwasha mtu kwa njia nyingine: vinyweleo vyake vina protini inayochochea neva bila kupitia histamini, na kwa sababu hiyo wanasayansi wameutumia mmea huo katika majaribio yao kwa miongo mingi. Vivyo hivyo klorokwini. Sisi tuliofikisha miaka arobaini na kitu twakumbuka vema jinsi tulivyokesha tukijikuna baada ya kumeza vidonge hivyo vya malaria, kabla Tanzania Bara haijaviondoa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Hatukuwa na kipele hata kimoja, na dawa ya mzio ilisaidia kidogo tu. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba klorokwini hugusa moja kwa moja kipokezi kilichomo katika neva zenyewe. Aliyepitia usiku ule hana haja ya kushawishiwa kwamba mwasho usio na upele ni kitu halisi.

Mintarafu neva zilizojeruhiwa, kisababishi tunachokutana nacho mara nyingi katika ziara za wagonjwa ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hubaki vimejificha katika mizizi ya neva kwa miaka mingi, kisha huamka kinga ya mwili inapopungua kwa uzee, kwa VVU au kwa maradhi mengine. Malengelenge hupona, lakini neva hubaki na jeraha. Baadhi ya watu hubaki na maumivu, wengine na mwasho, hasa palipoathirika kichwa na uso. Ajabu ni kwamba sehemu hiyo yaweza kuwa na ganzi na bado ikawasha. Mgonjwa hujikuna bila kusikia uchungu wa kumwonya, hata akajichimba kidonda kirefu.

Yapo pia maeneo mawili ambayo madaktari huyajua vema. La kwanza ni mgongoni, chini kidogo ya bega, upande mmoja; mara nyingi hapo pana doa jeusi kutokana na kusugua kwa muda mrefu. La pili ni upande wa nje wa mkono, karibu na kiwiko, ambako mwasho huzidi baada ya kukaa juani na hutulia kwa barafu. Yote mawili huhusishwa na neva zilizobanwa au kuchokozwa zinapotoka kwenye uti wa mgongo. Kisukari nacho huharibu neva ndogo, na kiharusi chaweza kuacha mwasho upande mmoja wa mwili. Dalili za kuangalia ni hizi: mwasho unaokaa mahali pamoja, unaoambatana na kuchoma, ganzi au hisia ya kuchomwa sindano, na usiosikia dawa za mzio. Kwa mwasho wa namna hiyo madaktari hutumia dawa za neva kama gabapentini au pregabalini, kwa kipimo wanachokipanga wenyewe. Si dawa za kuazimana kwa jirani.

Tunakiri kosa letu hapa. Tuliwahi kuletewa mama mmoja aliyewashwa kichwani kwa muda wa mwaka mzima. Ndugu zake walisema ni majini. Tulisali naye mara tatu, na kusali hatujutii. Tunachojutia ni kwamba hatukumwuliza alishawahi kuugua nini. Mhudumu wa afya wa kigango ndiye aliyemwuliza, akaambiwa habari za mkanda wa jeshi. Kufikia hapo tayari alikuwa na kidonda, maana mtu fulani alimpaka mafuta ya taa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inafundisha kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa kuna uwepo wa Yule Mwovu na si ugonjwa, na kwamba magonjwa, hasa yale ya nafsi, yanatibiwa na sayansi ya tiba. Hatuna ruhusa ya kuiruka hatua hiyo.

Na nafsi, je? Uhusiano wake na mwasho unakwenda pande mbili. Mtu asiyelala kwa kuwashwa huingia katika sonona. Naye mwenye sonona, hofu au msiba mzito huusikia mwasho mdogo kwa ukubwa. Hata kusikia habari za mwasho kwatosha: nchini Ujerumani madaktari walitoa mhadhara juu ya mwasho, na wasikilizaji wakajikuna zaidi walipoonyeshwa picha za viroboto na utitiri. (Pengine msomaji ameshajikuna mara mbili tangu aanze kusoma.) Kujikuna huleta uchungu mdogo unaozima mwasho kwa dakika chache, lakini ngozi hujeruhika, neva huwa nyepesi kuchokozeka, na mwasho hurudi kwa nguvu zaidi. Usiku, mwili ukiwa na joto na akili haina la kushika, mzunguko huo huwa mkali.

Wako wanaojichubua ngozi bila kuweza kujizuia, kisha huja kitubioni wakiliungama jambo hilo kwa aibu kubwa. Wahakikishiwe kwamba huo ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri wa kisaikolojia na wakati mwingine kwa dawa; Katekisimu, namba 1735, inatambua kwamba sababu za kinafsi zaweza kupunguza au kuondoa wajibu wa mtu kwa tendo lake. Wapo pia wanaosadiki kabisa kwamba wadudu wanatembea chini ya ngozi yao, hali ambayo daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliiandikia mwaka 1938. Huleta vipande vya ngozi au nyuzi ndani ya kiberiti kama ushahidi. Tusibishane nao, wala tusikubali kwamba wadudu wapo. Tukiri mateso yao na kuwasindikiza kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Hata hivyo, neno “saikolojia” lisitamkwe haraka. Kwanza vichunguzwe upele, hasa kama nyumba nzima inajikuna usiku. Usubi kwa wakaao maeneo yake kama Mahenge. Kisha figo, ini, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma, na dawa ambazo mgonjwa anatumia. Mwasho unaoambatana na kukonda, homa au jasho la usiku usingojee. Wazee wengi huwashwa kwa ukavu wa ngozi tu, na hao husaidiwa na mafuta mepesi na kuacha kuoga maji ya moto. Vipimo vya awali hupatikana katika hospitali za wilaya, na kwa matatizo magumu ya ngozi kipo kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi pale KCMC, Moshi.

Kwa wale wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa na viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunaomba mambo machache. Ulizeni: mwasho ulianza lini, uko wapi, usiku au mchana, nani mwingine anawashwa, na kama mgonjwa aliwahi kupata mkanda wa jeshi. Zuieni mafuta ya taa, maji ya betri na krimu za kujichubua. Kucha zikatwe fupi; kitambaa kilichoroweshwa maji baridi kiwekwe mahali panapowasha badala ya kukuna. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye karatasi ambayo mgonjwa ataibeba siku ya kliniki, kwa sababu mbele ya daktari wengi huona haya na kusema tu, “Ninawashwa.”