Wembe Katika Tofaa

Katika miaka ya 1980, hospitali kadhaa nchini Marekani zilikuwa zikifungua vyumba vyao vya eksirei usiku wa tarehe 31 Oktoba, si kwa ajili ya wagonjwa bali kwa ajili ya pipi. Wazazi walifika na mifuko ya watoto wao, mashine ikapekua chokoleti na matofaa kutafuta wembe, sindano au pini, kisha familia ikarudi nyumbani imetulia. Eksirei huonyesha chuma, sumu haionyeshi. Hata hivyo, si udhaifu wa mashine unaonishughulisha, bali mtu aliyekuwa akitafutwa ndani ya mifuko ile.

Desturi yenyewe si ya kale kama wengi wanavyodhani. Mkesha wa Watakatifu Wote, yaani Halloween, ulifika Amerika Kaskazini pamoja na wahamiaji wa Ireland na Uskoti, na hadi miaka ya 1930 ulikuwa usiku wa utundu wa vijana: mageti yaling'olewa na vioo vikavunjwa. Kumpa mtoto kitu kitamu ili asifanye vituko ulikuwa, kwa lugha ya siasa, mkataba wa amani. Vita vikaukatiza, kwani sukari iligawiwa kwa mgao kuanzia 1942 hadi 1947. Baada ya hapo, katika vitongoji vipya vilivyojaa familia changa, ukaota mizizi. Mwaka 1950, huko Philadelphia, wakaanza pia watoto waliobisha hodi na vikopo vya kukusanyia senti za UNICEF.

Msomaji wa Unguja hahitaji maelezo marefu. Mtoto anayepita nyumba hadi nyumba akidai mkono wa Idi anaijua furaha hiyo, na ndugu zetu wa Oman wana Qaranqasho yao katikati ya Ramadhani. Kote huko desturi husimama juu ya sharti moja, kwamba mlango wa jirani ni salama kuubisha.

Sharti hilo lilianza kutiliwa shaka Marekani mapema. Mwaka 1959, daktari wa meno mmoja wa California aliwapa watoto vidonge vya kuharisha vilivyopakwa sukari. Mwaka 1964, mama mmoja wa jimbo la New York, akikerwa na vijana aliowaona wamepita umri wa kuombaomba, aliwagawia stiliwaya, biskuti za mbwa na sumu ya sisimizi. Alijitetea kwamba ulikuwa mzaha. Vilikuwa vitendo vya kipumbavu, na havikuua mtu. Kisha mwaka 1970 mtoto wa miaka mitano akafariki Detroit, na heroini ikapatikana kwenye pipi zake. Taifa lilishtuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtoto alikuwa ameila heroini hiyo nyumbani kwa mjomba wake, na kwamba ndugu ndio waliozinyunyizia pipi baadaye ili kumkinga mwenye mali.

Kisa cha mwaka 1974 ndicho hasa kinachonikosesha usingizi. Ronald Clark O'Bryan, mkazi wa Deer Park, Texas, aliwasindikiza watoto kuomba pipi usiku wa mvua. Baadaye akamlambisha mwanawe wa miaka minane unga mtamu wa Pixy Stix, ambao alikuwa ameuchanganya na sianidi. Mtoto alifariki usiku uleule. Baba alikuwa na madeni, na alikuwa amewakatia wanawe bima ya maisha. Aliwapa pia watoto wengine mirija yenye sumu, akiwemo binti yake mwenyewe, ili kifo kionekane ni kazi ya kichaa wa mtaani. Kwa bahati hao hawakuila. Polisi walipomhoji, aliwapeleka kwenye nyumba ya mtu ambaye saa zile alikuwa kazini uwanja wa ndege, mbele ya mashahidi tele. O'Bryan alinyongeka na ushahidi, na aliuawa kwa sindano ya sumu tarehe 31 Machi 1984.

Tazama jinsi alivyopanga. Hakuibuni hadithi ya jirani anayewawekea watoto sumu. Aliikuta tayari na kujificha ndani yake. Na hukumu yake haikuifuta. Mwaka 1982, watu saba walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi, hofu ya pipi ilipanda maradufu. Mwaka 1985 wanasosholojia Joel Best na Gerald Horiuchi walichapisha matokeo ya kupekua magazeti makubwa tangu 1958. Waliorodhesha visa 76 vilivyoripotiwa, na hawakuona hata kimoja ambamo mtoto aliuawa au kujeruhiwa vibaya na kitu alichopewa na mtu asiyemjua. Vingi vilikuwa uzushi, na baadhi vilizushwa na watoto wenyewe.

Hofu hiyo ilikuwa na gharama, na iliangukia mahali pasipostahili. Bibi aliyeoka biskuti zake mwenyewe ndiye aliyetiliwa shaka; kiwanda ambacho mzazi hajawahi kukiona kikaaminiwa kwa sababu ya karatasi yake, ingawa vidonge vilivyoua Chicago vilinunuliwa dukani. Nadhani kuna ahueni ya kisiasa katika kumwogopa mtu wa mbali. Hailazimishi familia kujitazama, wala serikali kutengeneza kitu.

Kuna gharama nyingine ambayo haihesabiwi pamoja na hizi. Oktoba 1992, huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, akiwa amevalia kwa ajili ya sherehe ya Halloween, alikosea nyumba na kubonyeza kengele. Mwenye nyumba alimpiga risasi akafa. Mwaka uliofuata baraza la raia lililosikiliza kesi ya jinai lilimwachia huru. Safari hii aliyekuwa hatarini ni yule aliyebisha hodi.

Na wakati wazazi walipokuwa wakikagua pipi mezani, kifo kilikuwa njiani. Uchunguzi uliochapishwa na jarida la JAMA Pediatrics ulitazama jioni 42 za Halloween, tangu 1975 hadi 2016, ukazilinganisha na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Waenda kwa miguu 608 waligongwa na kufa katika jioni hizo 42. Katika jioni 84 za kulinganishia walikuwa 851. Uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa ulipanda kwa asilimia 43. Kwa watoto wa miaka minne hadi minane ulikuwa mara kumi, na saa mbaya kuliko zote ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni.

Tangu 2007 Marekani huchelewa kurudisha nyuma saa zake hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo watoto wana saa moja zaidi ya mwanga jioni hiyo. Nuru imeongezwa, barabara hazikuguswa. Katika vitongoji vingi vilivyojengwa baada ya vita hakuna njia ya waenda kwa miguu hata leo, na mtoto aliyevaa kanzu nyeusi ya mchawi hutembea kwenye lami ileile ya magari.