Solitaire ilikuwa somo, si mchezo tu

Baada ya Form Four, matha alinilipia kozi ya kompyuta. Wiki ya kwanza mwalimu alinipata nikicheza Solitaire, akanitoa darasani. Ati napoteza pesa ya mzazi. Manze, niliamini.

Kumbe! Douglas Engelbart alionyesha watu mausi huko San Francisco mwaka 1968, lakini miaka ishirini baadaye wengi maofisini walikuwa bado wanaandika amri kwa kibodi tu. Windows 3.0 ikatoka 1990 na Solitaire ndani. Aliyeiandika, Wes Cherry, alikuwa kijana wa attachment pale Microsoft (na hakupata hata senti ya mauzo, imagine). Susan Kare akachora karata. Sasa angalia mkono wako ukicheza: unabonyeza karata, unashikilia, unavuta, unaachilia. Si hivyo ndivyo unavyoingiza faili kwenye folda? Na ukikosea, hakuna kitu umeharibu.

Sisi tulichoreshwa mausi kwenye daftari. Siku ya mtihani, tukaambiwa tuhamishe faili. Jirani yangu, mwenye mchoro safi kuliko wote, aliniuliza kwa sauti ya chini avute na kidole gani.