Safu ya lugha: Tupa

Hapa tupa si amri. Ni nomino: kipande cha chuma chenye meno madogo, cha kusugulia chuma kingine. Ajabu ni kwamba tupa ndiyo huzuia chenso kuukuu isitupwe. Anayefufua chenso ya Stihl 070 kwa kujifurahisha atahitaji mbili: ya duara, milimita 5.5, ya kunoa mnyororo wa inchi 0.404, na bapa, ya kupunguza vinundu vinavyopima kina cha mkato. Husukumwa mbele tu. Ukirudi nayo ikisugua, unaiua. Watundu hutanulia nayo tundu la ekzosi ili injini ipumue. Sawa, ila basi rekebisheni na kabureta, maana petroli ikipungua kwenye mchanganyiko, pistoni huungua.